Inchi Moja na Nusu

Minneapolis, 4 Machi 2018

Shangazi Verna mpendwa,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu husikii na kompyuta umeikataa, kwa hiyo mwandiko huu ukikushinda, lawama ni zako.

Riwaya imekwisha. Miaka sita, Shangazi, na imekwisha kweli. Nimempata hata wakala, Bi Roark wa New York, ambaye kazi yake ni kuwapelekea wachapishaji miswada ya watu kama mimi. Aliisoma akasema imemliza. Nikajua nimeukata. Halafu akaniuliza, "Una wafuasi wangapi?" Wafuasi ni watu wanaosoma unachoandika mtandaoni. Nikamwambia mia mbili na kumi na mbili. Nikasikia mtu anapiga honi huko kwao. Siku hizi, anasema, mchapishaji hanunui kitabu cha mtu asiyejulikana. Nikifikisha elfu kumi ndipo atakipeleka.

Basi nimefungua ukurasa. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani kuuza miwani napiga picha ya kikombe cha kahawa kando ya daftari. Meza yangu imechakaa, kwa hiyo natumia ubao wa kupigia pasi niliouvisha kitambaa cha mama. Naandika kuhusu subira na ubunifu. Jana nilipata wafuasi watatu, na mmoja wao anauza kope za bandia.

Wewe uliwezaje? Kaunti nzima inakusoma gazetini, na hujawahi kupiga picha hata ya sufuria.

Msalimie baba. Jumapili aliniachia ujumbe kama kawaida, saa ile ile anayojua niko kazini na simu iko kabatini.

Wako,
Marit

*

Sletten, 12 Machi 2018

Marit mwanangu,

Mwandiko wako ni wa kuku, lakini nimeusoma.

Unaniuliza niliwezaje. Sikuweza kitu. Mhariri alitaka mtu wa kuandika habari za Sletten na mwenzangu aliyekuwa akiandika alikuwa amehamia kwa wanawe Arizona. Miaka thelathini na moja sasa naandika nani kamtembelea nani, nani kapika nini kwenye chakula cha kanisa, na baba yako kapima mvua kiasi gani. Watu wanasoma ili waone jina lao. Ukitaka siri yangu ndiyo hiyo.

Ila nina sharti moja, na hili nakuambia wewe tu. Sijawahi kupeleka habari ya mtu gazetini kabla ya kwenda jikoni kwake nikamsomea. Akisema futa, nafuta. Ardis Brekke alivunjika nyonga akicheza dansi peke yake mbele ya jiko. Nilipomsomea akaniambia, "Verna, hiyo dansi itoe, nitazikwa nayo." Nikaitoa. Mpaka leo watu wanadhani aliteleza kwenye barafu, na wewe ukisema nitakukana.

Baba yako Odell hajambo. Theluji bado inafika dirishani. Kipimo chake cha mvua amekitoa nje akakisugua kwa siki, anasubiri masika kama bwana harusi.

Shangazi yako,
Verna

*

Minneapolis, 22 Aprili 2018

Shangazi,

Kaa chini kwanza. Nina wafuasi elfu tatu na mia tisa.

Ilikuwa bahati tu. Juma la Pasaka sikuwa na la kuandika, nikaandika ujumbe wa baba neno kwa neno. Huu hapa:

"Marit. Ni baba yako, Odell." (Kana kwamba ninao wengine.) "Leo ni Jumapili. Tumepata robo inchi, imekuja taratibu, ardhi imeinywa yote. Pasta alihubiri dakika ishirini na nane. Lowell Brekke amenunua trekta asiyoihitaji. Nimekula viazi na nyama ya kusaga alivyovioka Verna, vilikuwa na chumvi. Hakuna zaidi. Ni baba yako."

Watu wameupenda, Shangazi, huwezi kuamini. Mama mmoja wa Oregon aliandika kwamba amelia ndani ya gari. Wengine wananisimulia baba zao waliokwishakufa. Kwa hiyo kila Jumatatu naweka mmoja. Ninao wa miaka minne kwenye simu, tangu mama alipofariki, sijafuta hata mmoja. Nimeupa ukurasa jina, "Ni Baba Yako, Odell."

Hatajua. Hata simu yake ina waya. Na hakuna baya hata moja ndani yake, ni sifa tupu. (Pole kwa ile chumvi.)

Bi Roark amefurahi sana. Amesema hivyo mara mbili.

Marit

*

Sletten, 1 Mei 2018

Marit,

Chumvi nimeisamehe. Umemsomea?

Najua hujamsomea, nauliza ili uandike mwenyewe kwamba hujamsomea. Njoo nyumbani, ni saa nne tu za barabara. Kaa jikoni kwake, mpe kahawa, msomee moja. Akisema futa, futa. Unaogopa atasema hivyo, na mimi pia nadhani atasema hivyo, ndiyo maana inabidi aulizwe.

Nikuambie jambo. Mwaka juzi nilipita kwake Jumapili baada ya ibada nikakuta karatasi kando ya simu. Ameandika kwa penseli: mvua, pasta, Brekke, chakula. Nikadhani ni mambo ya kununua. Kumbe ni ya kukupigia wewe. Huwa anajiandaa, mwanangu. Mtu aliyeishi na mkewe miaka arobaini akimwachia yeye maneno yote, sasa anaiandikia mashine orodha ili asikwame. Anapiga ukiwa kazini kwa sababu ukipokea hajui aseme nini. Hayo aliyasema kwako peke yako, wala mimi ndugu yake sijawahi kuambiwa mahubiri yalichukua dakika ngapi.

Verna

*

Minneapolis, 17 Juni 2018

Shangazi mpendwa,

Samahani nimechelewa. Wafuasi wamefika elfu nane na mia sita, na kila mmoja anataka kujibiwa. Nikitoka dukani najibu hadi macho yanawasha.

Nilikusudia kuja Mei, halafu mwenzangu dukani akajifungua. Nilikusudia pia mwanzoni mwa mwezi huu. Nitakuja, na nitamsomea, nakuahidi. Nikishafika elfu kumi nitafunga ukurasa wote na itabaki riwaya, na hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta tangu mwanzo.

Baba hajaniachia ujumbe Jumapili ya tatu leo. Nilipompigia alisema, "Yote salama," akakata. Ni mzima? Au ni kilimo tu? Tafadhali nijibu mapema, maana watu wanauliza.

Marit

*

Sletten, 25 Juni 2018

Marit,

Baba yako ni mzima. Ana kazi nyingi. Mvua hakuna tangu mwisho wa Mei na viazisukari vimenyauka, kila mtu anatazama juu tu.

Umeandika "watu wanauliza." Nimesoma mstari huo mara kadhaa.

Maharage yangu nayamwagilia kwa ndoo.

Verna

*

Minneapolis, 20 Julai 2018

Shangazi wangu,

Tumevuka. Elfu kumi na moja na mia nne, na ujumbe wa Jumapili iliyopita peke yake umesomwa na watu elfu arobaini. Naupachika hapa chini uusome.

Bi Roark alipiga jana. Mchapishaji mmoja mkubwa anataka kitabu. Nikamuuliza amesemaje kuhusu mhusika wangu, kuhusu sura ya mwisho. Akasema, "Mpenzi, hawaitaki riwaya. Wanamtaka Odell." Wanataka ujumbe wa baba, mia moja na ishirini, na huu wa Jumapili uwe ukurasa wa kwanza. Riwaya labda baadaye, soko likitupokea vizuri.

Nilikaa kwenye ngazi za dharura nyuma ya duka na sare yangu. Sikujua kama nilie au nicheke. Nikamwambia ndiyo. Miaka sita nimesubiri mtu aniambie ndiyo, nami sikuwa na jibu jingine mdomoni. Mkataba nimeutia sahihi leo asubuhi.

Ujumbe ndio huu:

"Marit. Ni baba yako, Odell. Leo ni Jumapili. Tumepata inchi moja na nusu, imekuja kwa upole. Nilisimama kibarazani nikaisikiliza. Mama yako angeipenda. Sijawahi kukuambia, ila nakupenda. Hakuna zaidi. Ni baba yako."

Usinikasirikie.

Marit

*

Sletten, 2 Agosti 2018

Marit,

Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu Odell aliniomba ninyamaze. Sasa naona kunyamaza kwangu hakujamsaidia mtu.

Mjukuu wa Lowell Brekke alimwonyesha babu yake ukurasa wako mwezi Mei. Asubuhi iliyofuata, pale ghalani kwa ushirika wanapokunywa kahawa, baba yako alipoingia Lowell akasimama akasema, "Ni baba yako, Odell. Hakuna zaidi." Meza nzima ikacheka. Hawakuwa na ubaya, unawajua. Wakaendelea kila asubuhi kwa wiki tatu. Akawa anakunywa kahawa yake na wao wanamhesabia dakika za pasta. Ndipo alipoacha kukupigia. Aliniambia, "Verna, sikujua kuna watu wengine chumbani." Akaniambia nisikueleze, una kazi yako na yeye hataki kukuharibia.

Sasa huu wa inchi moja na nusu.

Mwanangu, Julai nzima haijanyesha hapa. Hata tone. Watu wamekwenda kuomba mvua makanisani, Walutheri na Wakatoliki pamoja, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Wewe ukaweka inchi moja na nusu katika kinywa cha mtu ambaye vipimo vyake nimevichapisha miaka thelathini na moja, mtu ambaye aliwahi kunirudisha gazetini kusahihisha sehemu moja ya kumi ya inchi.

Nilikuwapo ghalani siku walipousoma, nimefuata chakula cha bata. Lowell alikuwa na simu ya mjukuu wake. Akasema, "Aisee Odell, hiyo inchi na nusu ilinyesha shamba gani? Maana kwangu hata mbwa hajalowa." Wakacheka. Halafu kijana wa Tweten, yule mpole, akasema, "Basi kama mvua ni ya kutunga, na hilo lingine je?" Wakaacha kucheka. Walielewa kabla yangu kwamba huenda hata hilo la kukupenda ni wewe uliyelitunga, na wakamtazama Odell.

Baba yako akaweka kikombe chini. Akasema, "Kwangu ilinyesha."

Mashamba yao yanapakana, Marit. Lowell anaiona nyumba ya Odell kutoka chooni kwake. Wote walijua anadanganya na wote wakatazama kahawa zao. Akarudia, "Ilinyesha, na hayo mengine nilisema." Akavaa kofia akatoka.

Jioni alikuja kwangu akaniambia nisichapishe tena vipimo vyake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Si vya kuaminika."

Verna

*

Minneapolis, 7 Agosti 2018

Shangazi,

Hapa mjini Jumapili ile ilinyesha. Nilikuwa naitazama dukani kupitia kioo, nikadhani na huko. Ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa na ujumbe mpya wa kuweka, na watu walikuwa wamechoka na wa zamani; ule wa siku za msiba wa mama siwezi kuugusa. Nikajiambia nitatunga mmoja tu. Na nilipoanza kuandika kwa sauti yake ilikuwa rahisi sana, rahisi kuliko riwaya yote. Nikamfanya aseme.

Nimewaza kila njia. Nikitangaza kwamba nilitunga, nitakuwa nimemwambia Lowell na kaunti nzima kwamba baba alidanganya mezani kwao. Nikikaa kimya, kitabu kitatoka na uongo wake ukurasa wa kwanza, kwa jina lake. Nilimpigia Bi Roark nikamwomba ukurasa huo uondolewe. Akasema huo ndio walioununua. Nimefuta ukurasa wangu mtandaoni, lakini watu walishaunakili ujumbe ule, wanautuma kwa baba zao. Juzi mteja alikuja kupima miwani akanisomea mimi, hajui kuwa ni mimi.

Nakuja Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Nitaleta karatasi zote. Nitamsomea, kama ulivyosema.

Marit

*

Minneapolis, 21 Agosti 2018

Shangazi Verna,

Asante kwa lefse, ile mikate yako ya viazi, na kwa kutuacha peke yetu. Najua uliona gari likiondoka mapema.

Alinipokea vizuri. Alinionyesha nyanya zilizoiva bustanini. Alikuwa amenunua maziwa ya kahawa ninayotumia, sijui alijuaje. Jumapili baada ya ibada tukakaa jikoni, nikammiminia kahawa, nikafungua faili. Nikasema, "Baba, kuna kitu nataka nikusomee."

Akatazama faili, halafu akatazama dirishani. Akasema, "Acha, Marit."

Nikasema, "Baba, ile mvua—"

"Nimeshasema ilinyesha."

"Lakini haikunyesha. Na wewe hukusema—"

"Marit." Si kwa ukali. Kama anavyomwambia ng'ombe asiyetaka kuingia. "Nimeshawaambia watu. Sasa ukinisomea itabidi niseme kitu. Kunywa kahawa yako."

Nikanywa. Akaosha vikombe. Nikamwambia samahani akiwa amenipa mgongo, na maji yalikuwa yanatiririka, kwa hiyo sijui kama alisikia. Wala sikuweza kulirudia. Shangazi, maneno ndiyo kazi yangu, na nilikaa pale kama gunia.

Sharti lako linafanya kazi kabla tu. Baada ya hapo halifai kitu, ulikuwa unalijua hilo?

Marit

*

Sletten, 29 Agosti 2018

Marit,

Nilikuwa nalijua. Ndiyo maana nilikuandikia mwezi wa tano.

Samahani, hilo ni kali, lakini sifuti.

Unaniuliza kila barua nifanye nini, na mimi nimezeeka nikiwa na jibu la kila mtu. La kwako sina. Nilijaribu kuzungumza na Lowell, akaona haya hata akanipa maboga mawili. Hawamtanii tena. Ni vibaya zaidi. Odell akiingia ghalani wanamsogezea kiti kwa adabu, kama mgeni.

Kipimo bado kipo kwenye nguzo. Kila asubuhi anakwenda kukitazama, anarudi ndani. Daftari lake la vipimo haligusi.

Verna

*

Minneapolis, 24 Septemba 2018

Shangazi,

Jana nilipotoka kazini nikakuta ujumbe kwenye simu. Wa kwanza tangu Mei.

Haukuwa na neno. Hakusema jina langu wala lake. Ni dakika moja na sekunde kumi na moja. Nikapandisha sauti, nikasikia kiti kinasogezwa, halafu mlango wa nyuma, ule unaolia. Waya wa simu yake unafika mpaka hapo tu. Halafu nikasikia mvua. Alikuwa amesimama mlangoni, ameinyooshea simu nje. Kubwa, Shangazi, inapiga paa la banda la kuku na ndoo za zamani. Mwishoni alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza kusema, ikakatika.

Nimeusikiliza mara nyingi. Sijui kama amenisamehe au ananionyesha mvua ya kweli inavyosikika. Mchapishaji amenitumia ratiba leo, kitabu kinatoka mwakani wakati wa Siku ya Akina Baba. Sijamwambia mtu kuhusu ujumbe huu, na sitamwambia.

Naomba jambo dogo tu. Ilinyesha kiasi gani?

Marit

*

Sletten, 1 Oktoba 2018

Marit mwanangu,

Ni kweli ilinyesha, tangu mchana hadi usiku. Viazisukari imevichelewea, lakini watu walisimama nje nguo za ibada zikilowa. Kwa Brekke inchi mbili. Kwangu inchi moja na sehemu nane za kumi, ingawa kipimo changu kiko chini ya mti na Odell hajawahi kukiheshimu.

Cha kwake sijui. Nilikwenda kwake leo asubuhi na kalamu yangu, kama miaka yote. Nilimkuta amesimama kwenye nguzo, amekishika kipimo, maji ya mvua ile bado yamo ndani. Nikamwambia, "Kaka, Marit ameuliza. Ni kiasi gani?"

Alikiinua mpaka usawa wa macho, kama anavyofanya. Nikadhani atasema. Halafu akakipindua, maji yakamwagika kwenye majani, akakirudisha kwenye nguzo.

"Mwambie aandike anachotaka," akasema. "Watu watamwamini yeye."

Hakulisema kwa hasira, Marit. Ningekuambia kama angekuwa na hasira. Tukaingia ndani akanipa kahawa.

Shangazi yako,
Verna